Wifi Alikaa Kisimani

Idi ndogo tulipigwa. Sisemi tulifungwa, maana kufungwa kuna heshima yake; timu yetu ya mpira hapa Tanga, Coastal, hufungwa pale uwanja wa Mkwakwani na kesho yake watu wanakwenda kazini kama kawaida. Sisi tulipigwa. Tuliloa mpaka nguo za ndani, mbele ya mama yangu mzazi na majirani waliokuja kula pilau, na vita vyenyewe havikumaliza hata dakika kumi. Jemadari nilikuwa mimi.

Kwetu vita vya maji ni shughuli ya Idi pili, siku ya pili ya sikukuu. Ukoo unakutana kwa kaka yangu, Sahare, kwa sababu ana uwanja: miti miwili ya mikungu, mwembe mmoja mkubwa, banda la kuku, na kisima cha maji ya chumvi pembeni kabisa, karibu na ukuta. Watoto huja na bastola walizonunua kwa hela za sikukuu, zile za plastiki zinazotandazwa kwenye maturubai kule Ngamiani, za kijani na za rangi ya chungwa. Zamani walikuwa wakirushiana ovyo mpaka mmoja alie, mwingine akachapwe. Mama akachoka, akaweka sheria. Kila mtu abanwe kipande cha karatasi ya daftari kifuani kwa kibanio cha nguo. Karatasi ikilowa ikachanika ikadondoka, umekufa, nenda kakae barazani. Usoni hapapigwi. Maji ya simtanki hayaguswi, hayo ni ya kunywa na kupikia, anayetaka vita atumie ya kisima. Na atakayelowesha nguo zilizoanikwa atazifua upya, zote, hata zisizo zake.

Upande mmoja unaongozwa na wifi yangu, mke wa kaka, mwenye nyumba. Ana watoto wake, wana wa dada zake, na mumewe. Upande wa pili ni wangu: wanangu wawili, na watoto wanne wa mdogo wangu wa kiume, yaani kijana wa miaka kumi na mitatu tunayemwita Mgosi kwa kuwa haivui jezi ya Coastal, Wagosi wa Kaya, pacha wawili wa kike, na wa mwisho kabisa, Kitinda, mwenye miaka saba na meno ya mbele hana. Watoto wa wifi nao wananiita shangazi siku zote za mwaka, ila siku hiyo hawanijui.

Sasa kilichoniuma ni kwamba maji ndiyo kazi yangu. Miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya maji, nawauzia mafundi koki, elbo, soketi na mabomba ya nusu inchi. Fundi akinieleza tu jinsi bomba lake linavyokohoa, namwambia hewa imeingia wapi. Kwa hiyo Idi ndogo nilijipa silaha kubwa kuliko zote, lile bunduki la kupampu ambalo shemeji yangu mmoja alilileta kutoka Muscat. Nililijaza mpaka juu, likafurika, nikafunga kizibo, nikaita jeshi langu twende.

Mwenye kujua bunduki hizi ameshacheka. Asili yake ni mhandisi wa Marekani, Lonnie Johnson, aliyefanya kazi kwenye vyombo vya anga za juu. Mwaka 1982 alikuwa akijaribu pampu bafuni kwake, maji yakaruka kwa nguvu, akapata wazo. Mwaka 1990 likaingia madukani, mwaka uliofuata likaitwa Super Soaker, na tangu hapo dunia nzima inaiga. Maji hayasukumwi na kidole chako. Unapampu hewa, hewa inabanwa, ukivuta kifyatuo hewa ile ndiyo inayoyafukuza maji. Ni kama lile bomba la kupulizia dawa unalolipampu hewa kwanza ndipo unapuliza. Mtu akilijaza bomba la dawa mpaka mdomoni, hewa atakayoibana ataiweka wapi? Mimi ninayauza mabomba hayo. Kila msimu nawaambia wateja, "Acha nafasi juu." Na nikaenda vitani na bunduki lililojaa mpaka mdomoni, nikapampu, likatoa kimkojo cha mtoto mchanga.

Hilo lilikuwa la kwangu peke yangu. La jeshi lilikuwa baya zaidi. Niliwaambia wote tuvamie kwa pamoja, wakavamia kwa pamoja, bastola zao zikakauka kwa pamoja, na kwa pamoja wakakimbilia beseni moja niliyoiweka chini ya mkungu. Watoto sita wameinama kwenye beseni moja, migongo juu. Ungekuwa wewe adui ungefanya nini?

Wifi hakuwa hata na bastola. Alikaa kwenye kizingo cha kisima, kanga ameifunga kiunoni, ndoo mbele yake, kata mkononi. Watoto wake wakija wawili wawili, anawajazia, anawanong'oneza jambo, wanaondoka, wanakuja wawili wengine. Nilimwona tangu mwanzo. Nikamcheka.

"Wifi, umekuja kupigana au kuchota maji?"

"Nimekuja kuchota maji," akasema, wala hakuinua uso.

Kutoka Idi ndogo mpaka Idi kubwa ni kama siku sabini. Sijawahi kuzipitisha siku sabini kwa hesabu kama zile.

Kwanza nilizifungua bastola zote dukani, saa za mchana wateja wanapopungua. Nusu yake vifyatuo vilikuwa havirudi. Ndani ya bastola ya bei rahisi kuna spiringi moja ya chuma na vigololi viwili, kimoja kinaruhusu maji yaingie, kingine kinaruhusu yatoke, na kila kimoja kinazuia yasirudi. Vigololi havina shida. Spiringi ndiyo iliyokuwa imeota kutu, kwa sababu tulitumia maji ya chumvi tukazitupa kwenye mfuko vilevile zilivyo. Dawa yake ni kuzisuuza kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, na kuzikausha, kazi ya dakika tano ambayo hakuna aliyeifanya kwa kuwa jemadari alikuwa amenuna.

Halafu nikapima. Kibastola kidogo kinabeba kama mililita 60, kikombe cha kahawa hakijai vizuri, na nilikifyatua mara hamsini na ushei kabla hakijakauka. Mtoto aliyechachamaa anafyatua hamsini kabla hujamaliza kusema bismillahi. Maana yake anayepigana kwa bastola ile, muda mwingi hapigani, anajaza. Na kujaza ndiko kwenye balaa, kwa sababu tundu lake ni dogo kama kifungo cha shati, na hewa iliyo ndani inataka kutokea palepale maji yanapoingilia. Ukiishika chini ya bomba maji yanaruka pembeni tu, utalaani. Nilijaribu kuizamisha kwenye ndoo imelala upande, ikakubali, lakini polepole. Mwishowe nilichukua chupa ya maji ya kunywa, nikatoboa kifuniko kwa msumari wa moto, nikaingiza mdomo wa kifuniko kwenye tundu nikaiminya chupa. Sekunde sita, imejaa. Mgosi alikuwepo siku hiyo. Alisema, "Shangazi, kumbe silaha ni chupa." Chupa ile ukiigeuza na kuiminya inarusha maji mbali kuliko bastola ya elfu mbili. Hilo nililisikia, nikalicheka, nikalisahau. Litarudi.

Jioni tukawa tunafanya mazoezi uani kwangu. Hapakuwa na kulenga shabaha. Tulikuwa tunajaza tu. Wawili wanapiga, wawili wanajaza, mmoja anaita. Watoto walichoka siku ya pili, na nisingewalaumu.

Marehemu babu yetu alikuwa akitusimulia hadithi ya vita vya nyuki, kama wazee wengi wa Tanga walivyokuwa wakisimulia, naye aliipokea kwa waliomtangulia. Kila mtoto wa hapa anaijua kwa juu juu: Novemba 1914, Waingereza walileta askari kama 8,000 kwa meli kutoka India, Wajerumani walikuwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari weusi, na Waingereza wakapigwa mpaka wakarudi melini tarehe 5. Walioulizwa watakwambia walifukuzwa na nyuki. Nyuki kweli walikuwepo, mizinga ilivurugwa na risasi wakatoka wakauma pande zote mbili, hawakuuliza nani Mjerumani. Babu hakuwapa nyuki sifa kubwa hivyo. Yeye alikuwa akishikilia mambo mawili. La kwanza, Waingereza walipiga hodi: asubuhi ya tarehe 2 meli yao ya vita, Fox, iliingia bandarini, nahodha akadai mji usalimishwe, kisha akaondoka. Ukishapiga hodi kwa adui umempa siku ya kujipanga, na Wajerumani waliitumia kushusha watu kwa treni kutoka Moshi. La pili, mkubwa wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alipofika aliuzunguka mji usiku kwa baiskeli, akauona mwenyewe, na wale waliokuwa wanashuka Raskazone waliingia porini bila kujua mbele kuna nini. Babu alipofika kwenye baiskeli sauti ilikuwa inabadilika. Watu wa Tanga na baiskeli mnatujua. Alikuwa pia akitukataza kucheka, kwa sababu makaburi ya vita vile yapo, na waliolala humo wengi hawakuulizwa kama wanataka kuja.

Basi nami nikataka kuuona uwanja mwenyewe. Siku mbili kabla ya Idi kubwa nilikwenda Sahare eti kuazima sufuria kubwa ya pilau. Nilimchukua Kitinda nishike naye mkono, nionekane mtu wa heri. Tulizunguka. Upepo wa kusi ulikuwa umeshakaza, unatoka upande wa geti unakwenda kisimani, na nikaona bahati imekuja yenyewe: anayekaa kisimani atapiga maji dhidi ya upepo, na maji ya bastola yakipambana na upepo yanakuwa manyunyu yanamrudia mwenyewe usoni. Mwezi wa Idi ndogo hapakuwa na upepo wa maana. Sasa wifi akae tu na kata yake. Nilipanga madumu matatu ya lita ishirini, moja nyuma ya geti, moja nyuma ya banda la kuku, moja chini ya mkungu wa mbele, ili watoto wasikutane tena migongo juu. Na mimi nitakaa kwenye dumu la katikati, nijaze, kama wifi alivyofanya. Nilikuwa nimeapa.

Kitinda aliuliza, "Shangazi, na mwembe?"

"Mwembe una nini?"

"Unapandika."

Nikamwambia haya twende, sufuria nzito. Wifi alitusindikiza mpaka getini anatabasamu. "Mmeshaona kote?" akauliza. "Au nikuonyeshe na uani?"

Hapo ndipo ningetakiwa kumkumbuka babu. Nilikuwa nimepiga hodi.

Idi pili tukala, tukasubiri chakula kishuke, saa tisa na ushei mama akapiga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, vita vikaanza. Na nitasema ukweli, tulianza vizuri mno. Wanangu walipiga na kurudi, pacha walipokezana, Mgosi alitulia nyuma ya banda kama mtu mzima. Nimekaa kwenye dumu langu na chupa yangu ya kifuniko kilichotobolewa, nafinya, nahesabu, Kitinda yuko pembeni anashika vizibo. Maji ya wenzetu yalikuwa yanawarudia kweli, nilimwona binti mkubwa wa wifi anajifuta macho kwa mkono. Watoto wawili wa upande wao walikwenda barazani mapema. Nikaanza kujisikia.

Halafu nikamwona kaka. Amesimama chini ya mwembe, amenipa mgongo, anafunga kamba ya kiatu. Kaka yangu huyu, aliyenicheka siku sabini, kila akinipigia simu anauliza kama nguo zimekauka. Bunduki la Muscat lilikuwa miguuni pangu, safari hii limeachiwa nafasi ya hewa, nimelipampu mwenyewe.

"Shika hapa dakika moja," nikamwambia Kitinda, nikamwachia chupa na dumu.

Sikufika hata nusu ya njia. Maji yalitoka juu. Mtoto wa mwisho wa wifi alikuwa kwenye tawi la mwembe na chupa kubwa iliyotobolewa kifuniko, ameigeuza, ameiminya kwa mikono miwili, na karatasi yangu ikaondoka kama kipande cha mkate kwenye chai. Kaka akageuka. Kiatu chake hakikuwa hata na kamba. Alikuwa amevaa makobazi.

Nikaenda barazani. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka na marehemu wengine, akanipisha. Kutoka pale uwanja wote unaonekana, na hilo ndilo lililokuwa adhabu yenyewe. Nilimwona mwanangu mkubwa anapoteza maji kwa kupiga shina la mkungu. Nilimwona pacha mmoja anataka kupita upande wa kamba za nguo, kulikuwa na wawili wanamvizia. Nikanyanyuka, nikafungua mdomo.

Mama aliniwekea mkono gotini. "Wewe umekufa. Maiti hasemi."

Mwanzo nilikuwa namwangalia tu Kitinda kwa huruma. Mtoto wa miaka saba na dumu la lita ishirini. Baadaye nikaacha huruma, nikaanza kuangalia vizuri. Alikuwa hawajazii mpaka juu. Nusu, nusu, nenda. Wakawa wanarudi haraka, na kila anayerudi anamwambia alichokiona, maana mtoto akikimbia na kurudi ana habari lazima aiseme. Kwa hiyo pale kwenye dumu habari zote zilikuwa zinakusanyika kwake. Pacha aliyekuwa anakwenda kwenye kamba za nguo alipita kujaza kwanza, nikaona Kitinda anatikisa kichwa, anamwonyesha banda la kuku, na pacha akabadili njia. Mwanangu mkubwa, miaka kumi na moja, alipokuja mara ya tatu alinyimwa. Tulisikia mpaka barazani. "Wewe unapiga miti!" Alisimama pale anabembeleza. Alipopewa, akapewa robo, na tangu hapo hakupiga tena mti.

Mimi nisingemnyima. Ni mwanangu, ningemjazia mpaka ifurike.

Ilipokaribia saa kumi walibaki watano. Kwetu Mgosi, pacha mmoja na Kitinda. Kwao wifi pale kisimani na binti yake mkubwa. Kaka yangu alishakufa, na alikufa vibaya, kwa mkono wa Mgosi, akiwa kweli safari hii anaokota kobazi lililomvuka. Dumu la Kitinda lilikuwa limebaki chini kidogo. Mgosi na pacha wakaenda kulia, wanamvuta binti upande wa geti, wanapiga kelele kuliko maji. Wifi anawaangalia hao, kata ameishika, anachota amjazie binti atakaporudi.

Kitinda akainua kata yetu, akachota maji ya mwisho, akaanza kutembea. Hakukimbia. Alishika kata kwa mikono miwili yasimwagike, ulimi umetoka pale penye pengo, akapita katikati ya uwanja kama mtu aliyetumwa maji na wakubwa. Binti wa wifi alimwona akampisha. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto wa ndoo naye ana karatasi kifuani. Akafika kisimani, akasimama mbele ya wifi, akasema, "Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Akamwagia kifuani, yote.

Ugomvi uliofuata ulikuwa mkubwa kuliko vita. Wifi anasema kata si bastola. Kaka anasema haihesabiki. Dada wa wifi mmoja alitaka kurudia upya. Mimi nilikuwa maiti, sikusema, lakini nilikuwa nimesimama juu ya benchi. Wote wakamgeukia mama, naye alimaliza kwanza kukunja kanga yake.

"Sheria nimeziweka mimi," akasema. "Bastola sikuitaja."

Kabla binti hajaamua kama anaendelea kupigana peke yake, adhana ya alasiri ikatoka, na hapo kila mtu akaweka silaha chini. Wifi alikuja anakamua kanga yake, anacheka mpaka anashika mbavu, akanipiga begani. Wanaume wakaenda kutawadha. Mimi nikakusanya bastola zote, zetu na zao, nikazimwaga kwenye beseni la maji baridi nianze kuzisuuza chumvi kabla hazijashika kutu. Mama aliruhusu, ndoo moja tu ya simtanki, na akasimama kuhakikisha ni moja.

Kitinda alikuja akachutama mbele yangu. Nguo kavu kabisa, hakuna hata tone, karatasi yake bado imebanwa kifuani imenyooka. Alikuwa na chupa yangu ya kifuniko kilichotobolewa, akaniwekea mkononi.

"Ulisema dakika moja, shangazi."